Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani: wananchi wanataka nini, na sisi wageni inatuhusu vipi?

MLETA UZI

Wakuu, salaam.

Tangu tarehe 1 Machi 2025, Rais Trump alipotia saini amri namba 14224 ya kukitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp huku ughaibuni hakukaliki. Mmoja anasambaza kwamba wakalimani wameondolewa hospitalini. Mwingine anasema ukisikika unaongea Kiswahili kazini unafukuzwa. Halafu kuna wale wanaotuambia tutulie, Wamarekani wengi wenyewe wameitaka hiyo amri, sisi tuliokuja juzi tuna sauti gani? Hili la mwisho ndilo lililonifanya nilete uzi, maana linarudiwa sana na halichambuliwi. Wananchi waliulizwa nini, wakajibu nini?

Tuanze na amri yenyewe ili tusibishane hewani. Katiba ya Marekani haitaji lugha rasmi, na Bunge lao halijawahi kupitisha sheria ya kuiweka. Si kwamba hawakujaribu. Mwaka 1981 Seneta S. I. Hayakawa wa California, mtaalamu wa lugha aliyezaliwa Vancouver, Canada, katika familia ya Kijapani, alipendekeza jambo hilo liingizwe kwenye katiba. Likakwama. Tarehe 1 Agosti 1996 Baraza la Wawakilishi likapitisha muswada kwa kura 259 dhidi ya 169, Seneti ikauacha ukafia mezani. Kwa hiyo cha 2025 ni amri ya rais, si sheria ya Bunge, na rais mwingine anaweza kuifuta kama huyu alivyoifuta ya mwenzake.

Alichofuta ni amri namba 13166 ya Rais Clinton, ya Agosti 2000, iliyozitaka idara za serikali kuu ziweke utaratibu wa kuwahudumia watu wasiokimudu Kiingereza. Hapa msome kwa makini: amri mpya haikuzipiga marufuku lugha nyingine. Inasema waziwazi kwamba wakuu wa idara hawalazimiki kuacha kutoa nyaraka au huduma kwa lugha nyingine, waamue wenyewe. Anayesema wakalimani wamefutwa nchi nzima anawatia watu hofu bure. Ila na anayesema hakuna kilichobadilika naye hasemi kweli, kwa sababu kilichokuwa wajibu sasa kimekuwa hiari, na hiari ya mkubwa ofisini hubadilika bajeti inapobana. Julai mwaka huohuo Wizara ya Sheria ilitoa mwongozo wa kuzihimiza idara zipunguze huduma za lugha nyingine zisizo za lazima.

Sasa maoni ya wananchi.

Mwaka 2010 kampuni ya Rasmussen iliwauliza Wamarekani kama Kiingereza kiwe lugha rasmi, asilimia 87 wakasema ndiyo. Ukiishia hapo utasema mjadala umekwisha. Lakini Agosti 2024 taasisi ya Pew iliuliza kwa namna nyingine: ni muhimu kiasi gani kwako nchi hii ikifanye Kiingereza lugha rasmi? Waliosema ni muhimu sana au mno walikuwa asilimia 51. Ukiwagawa kwa vyama, upande wa Republican ni 73, upande wa Democrat ni 32. Miaka imepita katikati, sikatai, lakini kwa maoni yangu sehemu kubwa ya tofauti hiyo imo ndani ya swali. Kumwuliza mtu kama analikubali jambo si sawa na kumwuliza linamkosesha usingizi kiasi gani. Mtu aliyekulia Kansas, ambaye maisha yake yote ni Kiingereza, ukimwuliza kiwe rasmi atakujibu ndiyo akiendelea kuosha vyombo. Hajafikiria mgonjwa, hajafikiria mahakama, hajafikiria karatasi ya kura.

Tafiti ni maneno. Mimi naamini zaidi masanduku ya kura, kwa sababu hapo mwananchi anasoma kifungu na kinakuwa sheria. Na majimbo yamepiga kura nyingi juu ya jambo hili; zaidi ya 30 tayari yana Kiingereza kama lugha rasmi, mengine tangu zamani sana.

Arizona ndiyo iliyonifungua macho. Mwaka 1988 wapiga kura waliletewa kifungu kikali: serikali ya jimbo na watumishi wake wafanye kazi kwa Kiingereza na si kwa lugha nyingine yoyote. Kilipita chupuchupu, asilimia 50.5. Mtumishi mmoja, Maria-Kelly Yniguez, kazi yake ilikuwa kushughulikia madai ya watu walioumizwa na matibabu mabovu. Baadhi ya waliofika mezani kwake walizungumza Kihispania tu, naye alikijua vizuri. Baada ya kura ile akaacha kukitumia kwa kuogopa adhabu. Hebu waoneni pale: mdai amekaa upande huu wa meza, mtumishi upande ule, wote wawili wana lugha moja vinywani, na sheria imewakataza kuitumia. Akaenda mahakamani. Kesi yake ilifika hadi Washington ikaishia njiani kwa kuwa alikwisha kuacha kazi ile, lakini mwaka 1998 mahakama ya juu ya Arizona ilikifuta kifungu kizima. Mwaka 2006 wale waliokitaka wakarudi na maneno laini zaidi, na kikapita kwa asilimia 74.

Siku ileile ya uchaguzi wa 1988, Florida walipigia kura kifungu kifupi kinachosema tu kwamba Kiingereza ni lugha rasmi. Kilipata asilimia 84. California miaka miwili kabla yake walikuwa wamefika 73. Mnaona? Ukiwaletea heshima ya lugha yao, wanaipa kura kwa furaha. Ukiwaletea kifungu kinachomfunga mdomo mtumishi mbele ya mwananchi, nusu yao wanakataa.

Nashville inalionyesha hilo vizuri zaidi. Tennessee ina Kiingereza kama lugha rasmi tangu 1984 na hakuna aliyelalamika sana. Januari 2009 diwani mmoja aliwafikisha wakazi wa Nashville kwenye kura ya kutaka shughuli zote za serikali ya jiji ziwe kwa Kiingereza tu. Meya alikataa, vyuo vikakataa, wafanyabiashara wakakataa, makanisa mengi vilevile. Wapiga kura wakakitupa, asilimia 56 hivi. Jimbo lilelile, lugha ileile, watu wenye imani zilezile.

Kwa hiyo anaponiambia mtu "wananchi wameitaka", namjibu kwamba wananchi wanaipenda lugha yao, na wana haki ya kuipenda. Kutaka mama mzee asielewe anachoambiwa na daktari ni jambo lingine, na walipoulizwa hilo uso kwa uso Arizona na Nashville, wengi walisita.

Naleta na hili la kwangu, nisionekane nasoma magazeti tu. Nina shangazi yangu huku, mtu mzima, Kiingereza chake ni cha salamu. Hospitali moja alipolazwa, muuguzi alikuja na simu, akapiga namba, akaiweka juu ya shuka karibu na mkono wa shangazi, na sauti ya mama mmoja wa Kiswahili ikatoka: "Shikamoo mama, mimi ni mkalimani, kila utakachosema nitakitafsiri na hakitatoka humu." Shangazi akaitikia marahaba, akakaa vizuri, akaeleza maumivu yake yote toka mwanzo, hata yale ambayo sisi nyumbani alikuwa ametuficha. Dawa ya presha alikuwa anakunywa mara moja badala ya mbili. Hilo lilijulikana palepale. Miezi kadhaa baadaye, kliniki nyingine, mhudumu wa mapokezi alimgeukia mjukuu wake aliye darasa la tano, akamwambia amtafsirie bibi. Swali la kwanza la daktari lilikuwa kuhusu kutokwa damu ukeni. Mtoto akainamisha kichwa, bibi akasema hana tatizo, wakarudi nyumbani. Mimi sikuwepo, niliambiwa jioni.

Huo ndio upande wa mjadala ambao asilimia 87 hazisemi. Naomba kuwasilisha. Karibuni, matusi hapana.

KIJANA WA TEMEKE

Mkuu nimekusoma mwanzo mwisho, heshima yako. Ila kuna kitu unakikwepa. Sisi huku nyumbani mwaka 2021 tulishangilia Bunge lilipobadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Tulisema ni uhuru, ni heshima, taifa lisilo na lugha yake si taifa. Mmarekani akisema hayohayo kuhusu Kiingereza chake, inakuwa ubaguzi? Halafu ndugu zetu mmehamia kwao. Mimi nikihamia China nitajifunza Kichina, sitamsubiri mkalimani miaka kumi. Naomba jibu la moja kwa moja.

MLETA UZI

Kijana wa Temeke, swali zuri na nakujibu.

Sheria ya 2021 niliishangilia na naishangilia hadi leo. Lakini angalia ilimsogeza nani karibu. Mwananchi wa Temeke aliyeshitakiwa alikuwa anasikiliza hukumu yake kwa Kiingereza asichokielewa. Sheria ikaileta haki kwenye lugha aliyo nayo mdomoni. Tena sheria hiyohiyo imeacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapodai, na mshitakiwa asiyejua Kiswahili bado anapewa mkalimani. Hakuna aliyesema Mmakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma ahukumiwe bila kuelewa. Kwa hiyo mimi sipimi sheria hizi kwa jina la lugha. Napima kwa mtu aliyesimama mbele ya hakimu: baada ya sheria kupita, anaelewa zaidi au uelewa wake umepungua?

Na kwamba wageni hawataki kujifunza, hapana kaka. Hakuna anayeijua thamani ya Kiingereza huku kuliko mgeni. Mshahara wake uko humo. Mtu anatoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, anaingia darasani saa tatu asubuhi macho yamevimba. Kinachokosekana ni madarasa na muda, si nia. Amri ya Machi 2025 ingekuja na pesa za madarasa ya jioni ningekuwa wa kwanza kuisifia. Haikuja nazo.

MAMA WA UVIRA

Jambo kwenu wote. Mimi niko Louisville, Kentucky. Kentucky nayo ina Kiingereza kama lugha rasmi tangu 1984, na shule za hapa zinatuma barua nyumbani kwa Kiswahili. Sisi Wakongomani tulifika wengi fasi hii, na Kiswahili sasa kiko katikati ya lugha kubwa za watoto shuleni. Kwa hiyo sheria ya jimbo ilikuwepo miaka yote hiyo na haikutuzuia kitu, mpaka tulikuwa hatujui kama ipo.

Nilipofika sikujua neno. Mume wangu alijua Kifaransa, kikamsaidia kidogo tu. Leo ninafanya kazi ya kutunza wazee, ninaandika ripoti kwa Kiingereza kila siku. Miaka ile ya kwanza, kama mwalimu asingenipigia simu na mkalimani kuniambia mtoto wangu haoni ubao, angeitwa mjinga darasani mpaka leo. Ilikuwa miwani tu. Ninamwambia huyu kijana wa Temeke: kujifunza lugha kunachukua miaka, na mtoto anaugua leo.

Dada au kaka mleta uzi, hilo la mtoto kutafsiri limeniliza. Kwetu hapa linafanyika sana. Watoto wanajua siri za nyumba zote, deni, ugonjwa, barua za mahakama. Si mzigo wao.

DEREVA WA MASAFA

Mimi nitatofautiana na wengi humu. Naendesha lori, majimbo karibu yote nimepita. Kiingereza barabarani nakiunga mkono. Kanuni ya kwamba dereva wa lori aweze kusoma alama na kuongea na askari ipo tangu zamani, ila kuanzia 2016 walilegeza, mtu hakuwa anasimamishwa kwa sababu ya lugha. Aprili 2025 ikatoka amri nyingine ya rais, na tangu tarehe 25 Juni 2025 mkaguzi akiona hujui Kiingereza cha kutosha anakuondoa barabarani palepale. Anaanza kwa kukuuliza maswali ya kawaida: unatoka wapi, umebeba nini, umeendesha saa ngapi. Halafu anakuonyesha alama.

Nimewahi kukuta bango la kuhamahama, yale ya taa, limeandikwa daraja mbele limefungwa, lori zote zitoke kwenye njia ifuatayo. Picha hakuna, ni maandishi matupu. Lori na mzigo wake ni tani 36, na una sekunde chache. Pale mkalimani wa simu hakusaidii. Kwa hiyo msichanganye. Kuna mahali lugha ni usalama wa watu wengine.

Ila na mimi nakubali: hilo halihitaji lugha rasmi ya taifa. Kanuni ya malori ilikuwepo bila hiyo.

MLETA UZI

Dereva, sina ubishi na wewe hata kidogo, na nashukuru umeliweka hivyo. Kila kazi ina kiwango chake cha lugha na kazi yako ni mojawapo. Wasiwasi wangu ni pale kigezo cha barabarani kinapohamishiwa kwenye wodi ya wazazi.

Na leseni ya gari dogo ni jambo lingine tena. Alabama, baada ya kuweka Kiingereza kwenye katiba ya jimbo mwaka 1990, waliacha kutoa mtihani wa leseni kwa lugha nyingine. Mama mmoja, Martha Sandoval, akashitaki, akashinda mahakama za chini, na mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani ikamgeuzia kibao kwa kura 5 kwa 4. Walichosema majaji ni kwamba raia binafsi hawezi kwenda mahakamani kwa sababu tu kanuni imewaumiza watu wa asili fulani zaidi. Lazima aonyeshe alibaguliwa kwa makusudi. Hukumu ile ndiyo inayobana watu mpaka leo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 bado ipo na bado inakataza kubagua kwa asili ya mtu, lakini mlango wa kuitumia peke yako umekuwa mwembamba. Unabaki kulalamika kwenye idara ya serikali, na idara ndiyo hiyo iliyopewa hiari. Ndiyo maana nasema hiari ni jambo zito.

MWALIMU WA DES MOINES

Nimefundisha historia miaka mingi kabla ya kuja huku, niruhusuni niongeze kidogo, kwa sababu ninaishi Iowa na hapa ndipo jambo hili lilipofika mbali kuliko kwingine.

Mwaka 1918, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, Gavana William Harding wa Iowa alitoa tangazo: Kiingereza pekee shuleni, kanisani, kwenye mikutano, mahali pa hadhara, kwenye treni na hata kwenye simu. Kanisani, ndugu zangu. Wajerumani, Wanorwe, Wadenmark na Wacheki waliokuwa wakisali kwa lugha zao wakaambiwa wanyamaze. Walioshindwa kuelewa mahubiri ya Kiingereza wakaambiwa wafanye ibada zao nyumbani.

Jirani yetu Nebraska nao wakapitisha sheria mwaka 1919, mtoto asifundishwe lugha ya kigeni kabla ya kumaliza darasa la nane. Mwaka 1920 mwalimu Robert Meyer wa shule ya Kilutheri alikutwa akimfundisha mtoto wa miaka 10 kusoma hadithi za Biblia kwa Kijerumani. Afisa wa serikali aliingia darasani akiwa bado anafundisha, na hakuacha. Akatozwa faini ya dola 25. Alikataa kulipa, kesi ikapanda hadi juu, na mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa ushindi kwa majaji 7 dhidi ya 2. Hukumu ile ilisema wanaozungumza lugha nyingine wanalindwa na katiba sawa na waliozaliwa na Kiingereza. Nebraska ndiyo hiyohiyo iliyokuwa imeweka Kiingereza kwenye katiba yake mwaka 1920.

Naleta haya kwa sababu wajukuu wa Wajerumani wale ndio wanaopigiwa simu na watafiti leo, na wanasema ndiyo. Wao hawakumbuki kwamba bibi zao walifungwa midomo. Mimi nasali kwenye kanisa ambalo ibada ya saa tano ni ya Kiswahili, Wakongomani na Warundi wamejaa, na jengo lilijengwa na Wajerumani. Kwenye jiwe la msingi maandishi ni ya Kijerumani.

Na tusisahau wenye nchi. Hawaii katiba yao ya 1978 inataja lugha mbili, Kiingereza na Kihawaii. Alaska mwaka 1998 walipiga kura ya Kiingereza, ikapita kwa karibu asilimia 69, na mwaka 2014 bunge la jimbo likaongeza lugha 20 za wenyeji kuwa rasmi. Kwa hiyo maoni ya watu hayasimami mahali pamoja.

KIJANA WA TEMEKE

Mwalimu, hilo la simu sikuwahi kulisikia. Na mleta uzi umenijibu vizuri, kipimo chako cha mtu aliyesimama mbele ya hakimu nimekielewa. Bado nasema mgeni ajitahidi, lakini mtoto kuulizwa mambo ya bibi yake hapana, hilo sikubali popote.

Swali la nyongeza: hawa wanaosukuma jambo hili miaka yote ni akina nani? Ni wananchi wa kawaida au kuna kikundi?

MLETA UZI

Kuna wote wawili. Hayakawa alipotoka Seneti alianzisha shirika la U.S. English mwaka 1983, akiwa na daktari wa macho wa Michigan, John Tanton. Hayakawa mwenyewe aliamini kwa dhati kwamba lugha moja inawaunganisha watu waliotoka pembe zote, na aliyasema hayo akiwa mtoto wa wahamiaji. Namheshimu kwa hilo hata kama sikubaliani naye. Tanton alikuwa mtu mwingine. Mwaka 1988, wiki chache kabla ya kura ya Arizona, barua yake ya ndani ya 1986 ilivuja, imejaa maneno mabaya juu ya Walatino na uzazi wao. Linda Chavez, aliyekuwa mkuu wa shirika, akajiuzulu. Mtangazaji mkongwe Walter Cronkite, aliyekuwa kwenye bodi ya washauri, naye akajitoa. Nadhani hilo lilichangia Arizona kuponea kwenye nusu asilimia.

Na Miami nisiache. Mwaka 1980, Wakuba wengi walipowasili kwa boti kutoka Mariel, wapiga kura wa kaunti ya Dade walipitisha sheria kwamba pesa ya kaunti isitumike kwa lugha yoyote isipokuwa Kiingereza. Hasira ilikuwa mbichi. Haikuchukua muda ugumu wake ukaonekana; 1984 ikalegezwa kwa ajili ya hospitali na huduma za dharura, na 1993 ikafutwa kabisa. Yaani hata sheria iliyopitishwa kwa hasira, miongoni mwa sehemu za kwanza kulegezwa ilikuwa hospitali.

Halafu kitu ambacho wengi wetu hatukijui: sheria ya 1975 inayolazimisha karatasi za kura kwa lugha nyingine inahusu Kihispania, lugha za Asia, na lugha za wenyeji wa Marekani na Alaska. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo wanaogombana kuhusu karatasi za kura, sisi Waafrika hatumo hata kwenye ugomvi. Kwetu uwanja ni hospitali, shule na mahakama.

MTOTO WA KIGOMA

Shikamooni wakubwa. Nimesoma kimyakimya ila nina swali la mama yangu. Ana miaka 58, tulikuja kama wakimbizi kutoka kambini Nyarugusu mwaka 2010. Kiingereza kinamgomea kabisa, na tangu amri hii itoke anasema basi uraia hatapata tena, amekata tamaa hata ya kujaza fomu. Amri hii imegusa mtihani wa uraia?

MLETA UZI

Marahaba. Hapana, haikugusa hilo. Kiingereza kwenye uraia ni sheria ya Bunge, ilianza 1906, na misamaha yake imo humohumo kwenye sheria.

Aliyefikisha miaka 50 na amekuwa na kadi ya kijani miaka 20 hafanyi mtihani wa Kiingereza. Aliyefikisha 55 na ana kadi miaka 15, vivyo hivyo. Na hapa sikiliza vizuri, kwa sababu watu wengi wanakosea hesabu: mkimbizi, kadi yake ya kijani huhesabiwa tangu siku aliyoingia Marekani, si siku aliyopokea kadi mkononi. Mwangalie mama kwenye kadi yake palipoandikwa tarehe ya kuanza ukaazi. Kama ni 2010 na ana 58, amekwisha kutimiza.

Maswali ya historia na serikali bado ataulizwa, lakini kwa Kiswahili. Mkalimani anakuja naye mwenyewe, awe mtu mzima anayejua lugha zote mbili vizuri. Na kama ana ugonjwa wa kumbukumbu au wa akili unaomzuia kujifunza, kuna fomu N-648 ambayo daktari anaijaza.

MAMA WA UVIRA

Mtoto wa Kigoma, mama yangu mkubwa alipita njia hiyo ya 55 na 15. Tulimsomea maswali kwa Kiswahili kila jioni baada ya kula. Afisa alikuwa mpole. Kama mko karibu na Louisville niandikie pembeni, kanisani kwetu kuna watu wanasaidia kujaza fomu bila malipo, msilipe mtu wa mtaani.

MTOTO WA KIGOMA

Asanteni sana. Nimemtoa kadi mama muda huu, imeandikwa 2010. Nimemsomea jibu lako kwa sauti, amesema nimwulize mkalimani anaweza kuwa dada yangu?

MLETA UZI

Kwa kawaida wanapendelea mtu asiye wa familia ya karibu, na afisa ana uwezo wa kumkataa akiona hatafsiri sawasawa. Tafuteni mtu mwingine, hata wa kanisani, na dada yako aende kama msindikizaji. Na mwanzoni kabisa mama asijilazimishe kujibu kwa Kiingereza cha kubahatisha. Afisa akishamwapisha, atangulize kusema kwamba anaomba kufanya usaili kwa Kiswahili kwa msamaha wa miaka 55 na 15.